Mwongozo kamili wa kucheza lefti tekoli kuanzia sifuri

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili usiku kutoka Iowa, shikamoo mjomba, marahaba, shule inaendaje, inaenda, afu akanyamaza kidogo ndo akasema mjomba wameniweka lefti tekoli na we ulicheza hiyo kitu, sasa hapo mtu anafanyaje? Kijana ana miaka 15, soka amecheza tangu wako kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, beki wa kati, na kochi wa futiboli ya Kimarekani alimwona tu anapita kwenye korido ya shule na ule urefu wake akamwambia kesho njoo mazoezini. Hakuuliza hata kama anajua sheria. Ndo wanavofanya.

Nilimwelezea saa nzima mpaka chaji ikaisha, ikabidi nikae niandike, na najua hayuko peke yake maana vijana wetu wengi huku Marekani, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, wakishakuwa warefu na wazito kidogo tu wanapelekwa kwenye laini. Mi nilicheza misimu mitatu high school, sikufika mbali, ila nilipigwa vya kutosha kujua panapouma ni wapi.

Jambo la lugha kwanza. Hii tekoli sio takolingi ya soka. Takolingi ni kumvaa mtu mwenye mpira, huyu lefti tekoli haendi kumvaa mwenye mpira, anamzuia anayetaka kumvaa. Na ukitamka haraka haraka mbele ya bibi linatoka neno lingine kabisa, kwa hiyo tamka te-ko-li, taratibu.

Kwanza jua unamlinda nani

Kila timu ina watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira ina nafasi nne, zinaitwa dauni, za kusogea yadi 10 (kama mita tisa hivi), wakifanikiwa wanapewa nne nyingine. Mbele kabisa kuna watu watano wanene, hao ndo laini: katikati senta anayeutoa mpira kati ya miguu yake, kulia na kushoto kwake magadi wawili, pembeni zaidi tekoli wawili. We ni yule wa kushoto mwisho. Mpira ukitoka kwa senta, hiyo inaitwa snapu, kwotabeki anarudi nyuma hatua kadhaa anatafuta wa kumrushia, na hapo ndo kazi yako inaanza.

Kwotabeki wengi wanarusha kwa mkono wa kulia. Simama hapo ulipo ujaribu, shika hata chupa ya maji uirushe mbali kwa mkono wa kulia, utaona bega la kushoto limeenda mbele, kifua kimeangalia kulia, na kila kitu kilichoko kushoto nyuma yako hukioni. Huo upande wa kipofu ndo wako. Jamaa akikupita, kwotabeki hajui mpaka ameshapigwa. Ndo maana wakiwa na kwotabeki wa mkono wa kushoto kama Tua Tagovailoa, au zamani Steve Young wa San Francisco, mzigo wa upande wa kipofu unahamia kwa tekoli wa kulia.

Zamani nafasi hii haikuwa na jina kubwa. Aliyeibadilisha hakuwa hata tekoli, alikuwa mtu wa upande wa pili, Lawrence Taylor wa New York Giants, aliingia NFL, ligi kuu ya kulipwa, 1981, lainibeka (mzuiaji anayesimama nyuma ya laini ya wapinzani) mwenye nguvu za mtu mnene na mbio za mtu mwembamba. Msimu wake wa kwanza tu, Januari 1982, kochi Bill Walsh wa San Francisco ilibidi amtoe gadi wake John Ayers kwenye kazi yake ya kawaida ampe kazi moja, kumsubiri Taylor, na wakashinda 38-24. Sasa sio kila timu ilikuwa na Walsh. Novemba 18, 1985, usiku, mbele ya nchi nzima kwenye TV, Taylor alimwangukia Joe Theismann, kwotabeki wa Washington, na mguu wa Theismann ukavunjika vibaya, Taylor mwenyewe akaruka akaanza kuwapungia mikono madaktari waje. Theismann hakucheza tena maisha yake. Video ipo, mi sikushauri uitazame, nilitazama mara moja ikanitosha.

Baada ya 1993 wachezaji waliporuhusiwa kuhama kwa uhuru mkataba ukiisha, timu zikaonyesha kwa pesa zinamwogopa nani, lefti tekoli wakaanza kulipwa kuliko wenzao wote wa kwenye laini. Siku hizi pengo limepungua maana marasha wakali wanahamishwa huku na huku, Penei Sewell wa Detroit 2024 alipewa mkataba wa mamilioni ya hatari akiwa anacheza kulia, lakini muulize kochi yeyote wa high school mtoto wake mwenye miguu mizuri kuliko wote anamweka wapi. Kushoto.

(Rasha ni yule jamaa wa upinzani anayekuja kumwinda kwotabeki. Nitalitumia sana hilo neno.)

Mwili unaotakiwa, na usiogope

Kwenye NFL wanataka mtu wa mita 1.93 kwenda juu, kilo 136 na kuendelea, na mikono mirefu, sentimita 86 hivi kutoka bega hadi ncha ya vidole. Jonathan Ogden wa Baltimore alikuwa na mita 2.06! Lakini high school wengi hawafiki huko na wanacheza vizuri tu. Mi nilikuwa na kilo 104. Kinachohitajika zaidi ni miguu myepesi, na hapa mtoto wa soka au basketi anamzidi yule aliyekulia jimu ananyanyua vyuma tu. Jordan Mailata wa Philadelphia ndo mfano ninaoupenda, Mwaustralia, alikuwa anacheza raga, hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli hii, timu yake hiyo, Eagles, wakamchukua kwenye drafti ya 2018 (timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu) raundi ya saba, mtu wa 233, wakamfundisha kuanzia jinsi ya kusimama, miaka mitatu mbele akamnyang'anya namba mtu aliyechukuliwa raundi ya kwanza, na Februari 2025 akabeba Super Bowl, fainali ya NFL. Kwa hiyo kuanza kwa kuchelewa sio kesi.

Hatua ya 1: kusimama

Watu wanairuka hii wanakimbilia kusukumana. Stansi ikiwa mbovu umeshashindwa kabla mpira haujatoka.

Miguu upana wa mabega au zaidi kidogo. Mguu wa kushoto urudi nyuma kidogo, vidole vyake viwe usawa wa katikati ya unyayo wa kulia, usiurudishe sana maana kila mtu ataona unataka kwenda nyuma na utakuwa mzito kwenda ndani. Uzito ukae upande wa ndani wa nyayo zote mbili, sio kwenye visigino, sio kwenye vidole. Magoti yakunjwe, makalio chini kama unataka kukaa kwenye kigoda afu ukabadili mawazo, kifua juu, mikono imeinama mbele ya mapaja na imelegea. Ukiwa unainama kiunoni badala ya magoti kichwa kinatangulia, na kichwa kikitangulia unaanguka.

Jaribio: mwambie mtu akusukume kifuani kidogo bila kukuambia lini. Ukirudi hatua nzima stansi ni mbovu. Ukizama chini bila kuhama, sawa.

Timu za kukimbia na mpira sana zitakutaka uweke mkono mmoja chini, stansi ya pointi tatu, kwa upande wako mara nyingi ni mkono wa kushoto. Usiuegemee. Mkono ukiwa unabeba uzito, rasha anaona vidole vimekuwa vyeupe anajua unakuja mbele.

Hatua ya 2: kiki slaidi, hapa kaa wiki nzima

Hii ndo kazi yenyewe. Mtu anakuja mbio akiangalia mbele, we unarudi nyuma bila kumpa mgongo, na unatakiwa ufike kabla yake. Kwa akili ya kawaida haiwezekani, na ukikimbia kweli haiwezekani. Siri ni kwamba we una safari fupi. Yeye anazunguka, we unakata.

Snapu ikitoka, mguu wa kulia ndo unasukuma ardhi. Wengi wanadhani ni wa kushoto kwa sababu ndo unaoenda, hapana, wa kushoto unateleza tu nyuma na pembeni, karibu na nyasi, usiunyanyue kama unaruka mtaro. Afu wa kulia unafuata, umbali ule ule. Teleza, fuata, teleza, fuata. Miguu isigusane, isipishane, ikipishana hata mara moja ukapigwa hapo hapo unaanguka kama gunia. Kichwa kikae urefu ule ule muda wote, mi kochi wetu alikuwa anafunga kamba kati ya nguzo mbili tunapita chini yake, ukisimama wima inakukwaruza helmeti, unarudi mwanzo.

Kifua kinaangalia mbele, kinaangalia walikotoka wao. Usigeuke kumfuata. Ukigeuza nyonga mapema umemfungulia geti, anaingia ndani moja kwa moja, na njia ya ndani ndo fupi kwenda kwa kwotabeki. Shika hili kuliko yote: ndani kwanza. Akipita nje kuna nafasi ya kumsindikiza. Akipita ndani hamna la kufanya, ni kuomba Mungu.

Utarudi kiasi gani? Inategemea yuko wapi. Akiwa amesimama mbali nje, mguu wa kwanza uende nyuma zaidi kuliko pembeni. Akiwa usoni kwako, usirudi sana, hatua fupi moja mbili mikono tayari. Kwotabeki wa kawaida anasimama yadi saba mpaka tisa nyuma, kwa hiyo picha iliyoko kichwani mwako iwe hivi: nyuma yako kuna mtu kwenye kiti, hasogei, na we unasimama muda wote kwenye mstari kati ya kile kiti na rasha. Humfuati rasha. Unaulinda mstari. Nilipomwambia mpwa wangu hivi akasema aah ni kama beki kumziba straika njia ya goli, nikamwambia ndo hiyo hiyo, tofauti huku goli lina mguu unaoweza kuvunjika.

Mazoezi: tafuta mstari wowote, hata ule wa rangi kwenye parkingi, kiki slaidi yadi 10 mara 10, polepole siku tatu za kwanza, piga video na simu ukiwa umeiweka chini upande wa mbele. Angalia vitu viwili tu, kichwa kinapanda? miguu inagusana? Mbio zitakuja zenyewe.

Hatua ya 3: mikono, na kwa nini anayewahi anaumia

Sasa amefika. Hapa kila mtoto mkubwa anafanya kosa moja, anamrukia. Mi nililifanya mechi yangu ya pili. Kulikuwa na kijana mwembamba namba 44, nikamwona ananijia nikasema huyu namlaza, nikatupa mikono yote miwili kwa nguvu zangu zote, akaipiga juu kwa kiganja kimoja kama anafukuza nzi, mi nikapita nikala nyasi. Sikuona kilichotokea. Nilisikia. Kile kishindo cha pedi nyuma yako, afu jukwaa la wenzao linalipuka, na we bado uko chini unatema majani. Kwotabeki wetu aliinuka, ila hakuniangalia mpaka mapumziko.

Kwa hiyo: subiri. Mikono iko mbele ya kifua, viwiko ndani karibu na mbavu, dole gumba juu. Hupigi mpaka akiwa ndani ya urefu wa mkono wako, na hata hapo kinachopiga ni kitako cha kiganja, kifua chako kikibaki juu ya magoti yako, sio mbele ya vidole. Mkono wa kulia ndo muhimu, unaenda katikati ya kifua chake, huo unamfungia ndani. Wa kushoto unaenda kwenye bega lake la karibu. Isiende yote kwa pamoja kila mara, akizoea anaipiga yote kwa pamoja. Mara moja onyesha wa kushoto tu kama unataka kupiga afu urudishe, yeye atatumia ujanja wake kwenye hewa, hapo ndo unampiga kweli.

Ukishamshika, shika ndani, kwenye kifua. Mikono ikitoka nje ya mabega yake jezi inavutika, refa anaiona, holdingi, yadi 10 nyuma, na raning beki (anayepewa mpira akimbie nao) aliyekuwa amekimbia hadi mwisho anarudishwa akikutazama kwa macho ya kudai deni. Walter Jones wa Seattle alicheza misimu 12 akaitiwa holdingi mara 9 tu. Tisa! Wengine wanazimaliza kabla ya Krismasi.

Zoezi la nyumbani, shika mpira wa tenisi kila mkono ufanye mazoezi yote hivo hivo, huwezi kukamata jezi ukiwa umeshika mpira, mikono inajifunza kusukuma badala ya kuvuta.

Hatua ya 4: mjue anakuja na nini

Kwa kifupi wako wanne.

Wa mbio. Anazunguka nje anainamisha bega. Usibabaike, kiki slaidi mpaka umfikie, mkono kwenye mbavu, endelea kumsukuma kule kule anakoenda, apite nyuma ya kwotabeki. Kwotabeki mwenye akili anapanda mbele hatua moja na jamaa anapita kama basi lililokosa kituo.

Wa nguvu, bul rashi. Huyu anakuja kifuani moja kwa moja anataka kukupeleka mpaka kwenye mapaja ya kwotabeki wako. Dawa ni nyonga. Zama chini kuliko yeye, ruka nyuma vijihatua viwili vifupi miguu yote kwa pamoja, kita visigino, mikono ipande kutoka chini ya kwapa zake. Utarudi yadi moja, mbili, poa, hamna anayekudai usirudi kabisa. Unadaiwa sekunde. Mpira unakaa mkononi mwa kwotabeki kama sekunde mbili na nusu mpaka tatu, baada ya hapo ni juu yake.

Wa ndani. Anajifanya wa mbio hatua mbili afu anakata ndani. Huyu ndo muuaji, na anakuua kwa sababu wa kwanza amekutia hofu. Ukiwa mguu wako wa kulia umebaki na uzito unaweza kuugonga chini ukaziba. Ukiwa umeshaegemea nje, imekula kwako.

Wa spini, anazunguka kama pia. Anapokupa mgongo haoni kitu, kwa hiyo usimfuate, toa mikono, kaa kwenye mstari wako, subiri atokee upande wa pili umpokee.

Hatua ya 5: mpira wa kukimbia

Mpira ukiwa wa kukimbia, hamna kurusha, mambo yanageuka, sasa we ndo unashambulia, na kusema kweli hapa kuna raha yake. Hatua ya kwanza fupi, ya pili ifike chini kabla hujamgusa, mikono chini ya pedi zake, endesha miguu mpaka filimbi. Wengi wanapiga vizuri afu miguu inasimama. Ukiambiwa ziba upande, lazima kofia yako ifike nje ya bega lake, sio usoni. Na mara nyingine we na gadi mnampiga mmoja kwa pamoja afu mmoja wenu anapanda kumfuata lainibeka, hapo sheria ni moja, usiondoke mpaka mwenzio amemshika kweli. Nimemaliza, kochi atakufundisha zaidi maana kila timu ina mfumo wake.

Hatua ya 6: mdomo na masikio

Gadi wa kushoto awe rafiki yako, kaeni naye hata kwenye basi. Kuna mchezo wanaufanya, yule wa nje anakata ndani kwa gadi na yule wa ndani anazunguka kuja kwako, au kinyume chake. Mkiwafuata kila mtu na wa kwake mnagongana wenyewe kwa wenyewe na wanapita wakicheka. Dalili ni kwamba mtu wako anaenda ndani kwa nguvu bila hata kumwangalia kwotabeki. Msukume kwa mkono wa kulia umkabidhi gadi, piga kelele neno lenu, afu macho nje haraka, kuna mwingine anakuja. Na muwe kina kimoja, mmoja akiwa yadi mbili nyuma ya mwenzie makabidhiano hayapo.

Wakija wengi kuliko mnavoweza kuzuia, kanuni ni ile ile, wa ndani zaidi ndo wa hatari zaidi, mchukue huyo, wa nje mwachie kwotabeki amkwepe au raning beki amgonge.

Ugenini jukwaa likipiga kelele husikii hesabu ya kwotabeki ya kutoa mpira. Timu zinatumia hesabu ya kimya, kwotabeki anatoa ishara, gadi anamgusa senta, senta anatikisa kichwa, wanahesabu moja, mpira unatoka. We uko mbali na senta na rasha yuko usoni, kwa hiyo kodolea mpira kwa pembe ya jicho, usiugeuzie kichwa chote. Ukiwahi kutikisika ni folsi stati, yadi 5. Niliitiwa mbili mfululizo siku moja, aibu yake ni kwamba refa anataja namba yako kwenye spika.

Sheria nyingine ndogo ndogo: namba ya jezi 50 hadi 79, kwa namba hiyo huruhusiwi kupokea pasi ya mbele (NFL unaweza ukijitambulisha kwa refa, high school hapana), na kwenye pasi huruhusiwi kwenda mbele sana, NFL ni yadi 1 tu, vyuoni 3, ya kwenu muulize kochi. Mkono usoni mwa mtu nayo ni yadi 10.

Wiki yako na chakula

Kamba ya kuruka dakika 10 kila siku, hiyo hamna mjadala. Kukaa ukutani bila kiti, sekunde 45 mara tano. Kioo: simama na mdogo wako, yeye aende kulia kushoto anavotaka, we umfuate bila kupishanisha miguu, mikono mgongoni. Jimu mara tatu kwa wiki, skwati na kuvuta, na usisahau vifundo vya miguu na nyonga kuzinyoosha, mtu asiyeweza kuchuchumaa vizuri hawezi kuzama. Faida kwetu, wengi tumekulia vyoo vya kuchuchumaa. Walter Jones alikuwa anasukuma gari lake wakati wa likizo, lile kubwa la tani tatu. Ukijaribu, mtu mzima akae kwenye usukani na breki. Sitanii.

Kula mara nne tano kwa siku, ugali na maharage, mayai, maziwa, ndizi, nyama ikiwepo. Usinunue hayo makopo ya poda bila kumuuliza daktari. Mazoezi ya Agosti jua ni kali na umevaa pedi, maji kunywa kabla ya kiu.

Kwa wazazi: kichwa kisitumike kupiga, kamwe. Mtoto akisema kichwa kinamzunguka, au mwanga unamuumiza, au amesahau kitu cha mchana, asirudi uwanjani siku hiyo hata kochi akisema yuko fiti, mpaka aonwe na daktari. Mama mmoja aliniuliza kwani akikosa mechi moja watamfukuza? Hawamfukuzi.

Wa kuwatazama

Joe Thomas wa Cleveland, kuanzia 2007 alicheza snapu 10,363 mfululizo bila kukosa hata moja, mpaka 2017 alipochanika msuli wa mkono. Siku ya drafti alikuwa ziwani anavua samaki na baba yake. Tazama miguu yake tu, funika juu ya skrini kwa mkono. Anthony Muñoz wa Cincinnati kwa mambo ya zamani. Na ukitaka kujua thamani ya nafasi yako tazama Super Bowl ya Februari 2021, Kansas City walikuwa wamempoteza lefti tekoli wao Eric Fisher kwa kisigino mechi moja kabla, na wa kulia hayupo pia, na Patrick Mahomes, kwotabeki bora duniani wakati ule, alikimbia usiku mzima kama mwizi wa kuku, wakafungwa 31-9 bila taachidauni (goli la kufikisha mpira mwisho wa uwanja) hata moja.

Daftari

Hii ya mwisho niliianza nimechelewa, msimu wa tatu. Nunua daftari dogo la mfukoni. Kila rasha anayekukabili mwandikie ukurasa, ukitoka tu uwanjani kabla hujaoga: anaanza na mkono upi, akitaka kuja ndani anasimamaje, robo ya nne anabadilika vipi. Mtakutana tena mwakani na yeye hatakuwa na lake. Namba 44 nilimwandikia kurasa mbili. Tulipokutana tena nilisubiri, nikasubiri, kiganja chake kikapiga hewa.

Mpwa wangu amenitumia picha ya ukurasa wake wa kwanza jana. Mwandiko mbaya, umeandikwa kwenye basi. "Namba 54. Mfupi. Spini mara 2 zote kwenda ndani. Ananuka vitunguu, ukivisikia ujue ameshafika, piga."